Shajara ya Mradi: Fuvu Lililopakwa Rangi kwa Asili ya Mifupa Yake

Wiki ya 1

Mradi huu umetokana na swali ambalo fuvu la plastiki lililo mezani kwangu haliwezi kulijibu. Fuvu hilo limepakwa rangi moja kwa kila mfupa, kama ilivyo desturi ya vifaa vya kufundishia anatomia, na kila anayelitazama huhesabu mifupa 22: 8 inayozunguka ubongo na 14 ya uso. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu mzima, lakini humwachia mwanafunzi imani kwamba kila kipande chenye jina moja kilianza kikiwa kitu kimoja, ilhali mfupa wa panja peke yake umeungwa kutokana na vipande kadhaa ambavyo havikuzaliwa mahali pamoja wala kwa njia moja. Nimenunua fuvu la pili, ambalo mifupa yake yote hutenganishwa, nikalipaka rangi nyeupe isiyong'aa ili nianze upya. Rangi nitakazoweka juu yake zitafuata asili ya tishu na kuacha majina kando.

Nimechagua rangi tatu. Njano ni ya seli za ukingo wa neva, yaani seli zinazotoka kwenye kingo za mkunjo wa neva wakati mkunjo huo unapojifunga kuwa mrija, kisha zikahama na kumiminika kuelekea uso na matao ya koromeo, yaani mikunjo ya tishu iliyo pande za shingo ya kiinitete, katika wiki ya nne ya kiinitete. Buluu ni ya mesodermi ya kichwa (mesodermi ni tabaka la kati la kiinitete), na kijani ni ya somiti, vile vifundo vya mesodermi vilivyopangana ubavuni mwa mrija wa neva, ambavyo kwa sehemu kubwa hujenga uti wa mgongo lakini vya mbele kabisa huingia katika kisogo.

Juu ya rangi kutakuwa na alama ya pili, kwa sababu asili ya tishu haisemi mfupa umejengwaje. Mfupa ulioanza moja kwa moja ndani ya utando, bila gegedu (tishu ngumu inayopinda, kama ya sikio) kutangulia, utabaki na rangi laini, na ule uliotanguliwa na gegedu, gegedu hiyo ikaliwa na nafasi yake ikachukuliwa na mfupa, utawekewa nukta nyeusi. Mwenzangu anayechora michoro ya kuambatana na fuvu hili ameniuliza kama mpango huu si mzito mno kwa mtazamaji. Huenda ni mzito, lakini tukiacha moja ya alama hizi mbili tutakuwa tumesema nusu ya jambo.

Wiki ya 2

Uso umekwenda haraka. Mifupa yote 14 ni ya njano, na 13 kati yake ilibaki laini: taya la juu mawili, vitefute viwili, mifupa miwili ya pua, miwili ya machozi, miwili ya kaakaa, vomeri (mfupa mwembamba unaogawa pua), na taya la chini, huku kwa taya la chini nikiongeza nukta chache kwa sababu nitakazozieleza. La, nimehesabu vibaya. Hiyo ni 12. Makombe mawili ya chini ya pua yametokana na gegedu ya kifuko cha pua, kwa hiyo yote mawili yana nukta, na hesabu ya 14 inatimia.

Taya la chini limenichukua siku nzima peke yake. Ndani ya tao la kwanza la koromeo hujitokeza fimbo ya gegedu, kushoto na kulia, ijulikanayo kama gegedu ya Meckel. Mtu angetarajia kwamba fimbo hiyo ndiyo itakayogeuka kuwa taya, kama gegedu ya paja inavyogeuka kuwa mfupa wa paja, lakini haifanyi hivyo. Katika wiki ya sita hadi ya saba mfupa huanza kuota ndani ya utando ulio upande wa nje wa fimbo hiyo, ukaizunguka kama ala, na sehemu kubwa ya fimbo yenyewe ikatoweka. Taya la chini kwa hiyo ni mfupa wa utando uliokua kando ya gegedu, na ni miongoni mwa mifupa ya kwanza kabisa mwilini kuanza kuwa mfupa, likitanguliwa na mtulinga tu. Nukta nilizoweka ziko kwenye kichwa cha kiungo, pale taya linapokutana na panja, kwa kuwa hapo huota baadaye gegedu nyingine ya pili ambayo huendelea kurefusha taya hadi ukubwani. Kwenye kidevu nimechora mstari wa penseli wa kutenganisha nusu mbili, maana mtoto huzaliwa na taya la chini lenye vipande viwili ambavyo huungana katika mwaka wa kwanza wa maisha.

Kwenye taya la juu nimechora pia mstari mfupi nyuma ya meno ya mbele, upande wa kaakaa. Huo ni mpaka wa mfupa wa kati ya mataya, ambao kwa wanyama wengi huonekana wazi na kwa binadamu huungana mapema hata wengine wakadai kwamba binadamu hana. Goethe, ambaye wengi humjua kwa mashairi, alikuwa mmoja wa walioonyesha mwaka 1784 kwamba upo. Mstari wenyewe kwenye plastiki yangu haukuwapo. Nimeuchonga kwa ncha ya sindano.

Wiki ya 3

Wiki hii nimefanya kosa na kulirekebisha, na kosa lenyewe lina funzo kuhusu mradi, kwa hiyo naliandika kwa kirefu.

Nilipaka paji la uso na mifupa miwili ya utosi kwa rangi ya njano. Nilikuwa nimefuata ramani iliyotokana na ndege. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin, mtafiti wa viinitete wa Ufaransa, alitambua kwamba viini vya seli za kware vina donge la kromatini (DNA pamoja na protini zake) linaloonekana kwa hadubini, ambalo viini vya seli za kuku havina. Ukihamisha kipande cha ukingo wa neva kutoka kiinitete cha kware hadi kiinitete cha kuku, unaweza baadaye kukata fuvu la kifaranga vipande vyembamba na kusema seli hii ni ya mgeni na ile ni ya mwenyeji. Kwa njia hiyo, yeye na wenzake walichapisha mwaka 1993 ramani ya asili tatu za fuvu, ambazo ndizo rangi zangu tatu, na katika ramani hiyo paa lote la fuvu, paji na utosi, lilihesabiwa kuwa la ukingo wa neva.

Kisha nikasoma tena matokeo ya panya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, seli za ukingo wa neva za panya zilitiwa alama ya kijenetiki ambayo haifutiki hata seli zikigawanyika mara nyingi, na fuvu likatiwa dawa inayozigeuza seli hizo kuwa za buluu. Paji la uso lilikuwa na alama, lakini mifupa ya utosi haikuwa nayo. Utosi wa panya ni wa mesodermi, na mpaka kati ya asili hizo mbili unapita karibu sawia na mshono wa taji, ule unaokata kichwa kutoka sikio moja hadi jingine. Binadamu ni mamalia, na hakuna anayeweza kufanya jaribio kama hilo kwa kiinitete cha binadamu, kwa hiyo fuvu langu lazima lifuate panya, nami nimeandika hivyo waziwazi kwenye kibao cha chini.

Kuhusu ndege, watafiti wengine waliofanya majaribio ya namna ileile walipata mpaka tofauti na ule wa 1993, ukipita katikati ya mfupa unaoitwa paji. Wapo wanaopendekeza kwamba ugomvi huu ni wa majina zaidi kuliko wa seli, yaani kile kinachoitwa paji kwa ndege hakilingani na paji letu peke yake, kwa sababu majina ya mifupa yalihamishwa kutoka kwa mamalia hadi kwa ndege kwa kutazama mahali ilipo. Pendekezo hilo linanipendeza, ingawa sikulitegemea katika kupaka rangi.

Nimekwangua njano ya utosi kwa msasa laini, nikaosha vumbi, nikapaka buluu. Kazi ya siku mbili.

Wiki ya 4

Nimerudi kwenye mishono ya paa kwa brashi nyembamba zaidi. Kwenye mshono wa mshale, ule unaogawa utosi wa kushoto na wa kulia, matokeo ya panya yanaonyesha ulimi wa seli za ukingo wa neva ukiingia kati ya mifupa miwili ya mesodermi, kwa hiyo nimepitisha uzi wa njano kati ya buluu mbili. Kwenye mshono wa taji hali ni kinyume: tishu ya mshono wenyewe ni ya mesodermi, na ukingo wa paji ndio mwanzo wa njano. Chini ya paa lote, utando mgumu unaofunika ubongo kwa sehemu hii ni wa ukingo wa neva, jambo linalomaanisha kwamba mfupa wa utosi, ambao ni wa mesodermi, hukua ukiwa umelalia tishu ya asili nyingine, na watafiti walipoondoa tishu hiyo ya chini kwa panya, utosi ulishindwa kuwa mfupa ipasavyo.

Mpaka huu una maana hata kwa matabibu. Kwa watu wenye nakala moja iliyoharibika ya jeni la TWIST1, hali iitwayo Saethre-Chotzen, mshono wa taji hujifunga kabla ya wakati, na kwa panya wenye hitilafu hiyohiyo imeonekana kwamba seli za pande mbili huvuka mpaka na kuchanganyika. Mshono ambao kwenye plastiki ni mkwaruzo tu, kwa mtoto ni mahali ambapo mfupa huongezwa pembeni huku ubongo ukisukuma kutoka ndani, na ukijifunga mapema, kichwa hulazimika kukua kuelekea upande mwingine.

Wiki ya 6

Kisogo. Nilidhani kitakuwa rahisi kwa kuwa ni mfupa mmoja mkubwa ulio peke yake nyuma.

Mtoto anapozaliwa, kisogo kina vipande vinne vilivyozunguka tundu kuu linalopitisha ugwe wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo: kimoja mbele, viwili ubavuni, na kimoja kipana nyuma. Huungana kidogokidogo, na kufikia umri wa karibu miaka 6 huwa mfupa mmoja. Vipande vya mbele na vya ubavuni, pamoja na sehemu ya chini ya kile cha nyuma, vimetanguliwa na gegedu na vimetoka katika somiti za kisogo, kwa hiyo ni kijani chenye nukta. Sehemu ya juu ya kipande cha nyuma, kuanzia kwenye mstari wa juu ambapo misuli ya shingo hushika, imeota katika utando bila gegedu. Kwa panya sehemu inayolingana na hiyo ni mfupa wa peke yake, na katikati yake ni ya ukingo wa neva huku pande zake zikiwa za mesodermi. Kisogo changu sasa kina rangi zote tatu, na alama zote mbili, katika mfupa wenye jina moja.

Hapa kuna kichekesho cha kihistoria ambacho siwezi kukiacha. Katika karne ya 18 na 19 wanazuoni kadhaa, Goethe na Oken wakiwamo, walishikilia kwamba fuvu lote ni pingili za uti wa mgongo zilizotanuka. Huxley, mwanabiolojia Mwingereza, aliipinga nadharia hiyo katika mhadhara wake wa mwaka 1858 kwa kutumia ushahidi wa viinitete, akaizika. Alikuwa sahihi kuhusu fuvu kwa ujumla, lakini kijani nilichopaka wiki hii kimetoka katika somiti zilezile zinazotengeneza pingili, na tundu dogo linalopitisha neva ya ulimi kwenye ubavu wa kisogo linafanana na nafasi ya kati ya pingili mbili. Nadharia iliyozikwa ilikuwa na ukweli wa kiasi cha mfupa mmoja.

Wiki ya 7

Sfenoidi na ethmoidi. Ethmoidi, mfupa mwepesi ulio kati ya macho juu ya pua, ni njano yenye nukta nzima nzima, haina la kujadiliwa.

Sfenoidi, yenye umbo la popo aliyekunjua mabawa katikati ya kitako cha fuvu, ina mpaka muhimu mgongoni mwake. Notokodi, ule ufito laini wa katikati wa kiinitete, huishia nyuma kidogo tu ya shimo linalobeba tezi ya pituitari. Mbele ya ncha hiyo gegedu za kitako ni za ukingo wa neva kwa sehemu kubwa, na nyuma yake ni za mesodermi. Ukuta wa nyuma wa shimo hilo kwa hiyo ni buluu, sakafu yake ni njano, na kuna visiwa vidogo vya buluu karibu na mizizi ya mabawa madogo ambavyo nimevipaka kwa ncha ya kijiti cha meno. Kiungo cha gegedu kati ya sfenoidi na kisogo nimekijaza udongo wa kuchezea wa rangi ya kijivu, kwa kuwa hubaki wazi hadi ujana na ni mojawapo ya mahali ambapo kitako cha fuvu hurefuka.

Wiki ya 9

Panja. Nimeliogopa tangu mwanzo, na hofu hiyo haikuwa bure.

Nimeligawa kwa penseli kwanza. Sehemu bapa iliyo juu ya sikio imeota katika utando, nayo ni njano laini. Pete inayozunguka mlango wa sikio, ambayo kwa mtoto mchanga ni duara lisilokamilika, lenye umbo la herufi C, nayo ni njano laini. Ule mwiba mwembamba unaoning'inia chini umetoka katika gegedu ya tao la pili la koromeo, kwa hiyo ni njano yenye nukta. Iliyobaki ni sehemu ngumu kama jiwe inayohifadhi sikio la ndani. Imetanguliwa na gegedu iliyokizunguka kifuko cha sikio, na sehemu yake kubwa ni ya mesodermi ingawa ukingo wa neva umechangia pia. Nilijaribu kuchanganya buluu na njano nikapata kijani, rangi ambayo tayari ina maana nyingine. Baada ya aibu hiyo ndogo nimeacha buluu na kuweka vijistari vya njano pale inapostahili.

Kifundo kilicho nyuma ya sikio, ambacho kila mtu anaweza kukipapasa, mtoto mchanga hana; huchomoza baadaye, misuli ya shingo inapoanza kuvuta. Sikio la ndani lenyewe, kwa upande mwingine, huwa limefikia ukubwa wa mtu mzima kabla ya kuzaliwa.

Ndani ya panja kuna mifupa mitatu midogo ambayo haimo katika hesabu ya 22: nyundo, fuawe na kikuku. Reichert, mwanaanatomia Mjerumani, alionyesha mwaka 1837, kwa kufuatilia viinitete vya nguruwe, kwamba nyundo na fuawe zinatokana na mwisho wa nyuma wa gegedu ya tao la kwanza, ileile ambayo sehemu yake ya mbele hutoweka ndani ya taya, na kwamba kikuku ni cha tao la pili. Kwa mijusi na ndege, vipande viwili vinavyolingana na nyundo na fuawe ndivyo vinavyounda kiungo cha taya. Kisukuku cha Morganucodon, mnyama mdogo aliye karibu na mwanzo wa mamalia, kina viungo viwili vya taya ubavu kwa ubavu, cha zamani na kipya, vikifanya kazi kwa pamoja. Nilikuwa nimesoma hayo zamani bila kuyaona, lakini nilipoweka nyundo ya plastiki kwa kibano mwishoni mwa waya wa njano uliochukua nafasi ya gegedu ya Meckel, nikaona waya ukitoka kidevuni na kuingia sikioni bila kukatika, ndipo nilipoelewa jinsi taya na mifupa hiyo ya sikio zinavyotoka katika gegedu moja.

Wiki ya 10

Fuvu limeunganishwa kwa sumaku ndogo, na watu sita wamelitazama bila maelezo. Watano kati yao walidhani nukta na rangi ya buluu ni habari moja, kwamba mesodermi hutoa gegedu na ukingo wa neva hutoa mifupa ya utando. Kosa hilo nalielewa, na lina ukoo mrefu. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba gegedu na mfupa haviwezi kutoka popote isipokuwa katika mesodermi. Julia Platt, mtafiti wa viinitete kutoka Marekani, alipoandika mwaka 1893 kwamba gegedu za kichwa cha salamanda (amfibia mwenye umbo la mjusi) wa jenasi ya Necturus zinatoka katika ektodermi, tabaka la nje la kiinitete ambalo ndilo asili ya ukingo wa neva, alipingwa vikali. Hakupata kazi ya kudumu ya utafiti, akaingia katika siasa za mji wake na kuwa meya wa Pacific Grove, Marekani, mwaka 1931. Ethmoidi yangu ya njano yenye nukta ndiyo aliyokuwa akiizungumzia.

Nimebadilisha mpangilio wa stendi. Ethmoidi na mfupa wa utosi sasa vinatenganishwa na fuvu na kuwekwa bega kwa bega mbele ya kila kitu: kimoja ni njano chenye nukta, kingine ni buluu kisicho na nukta. Watatu kati ya wale sita waliporudi kutazama walisoma alama zote mbili bila kusaidiwa. Mwenzangu ameanza mchoro wa fuvu la mtoto mchanga lenye nafasi sita laini, ya mbele ambayo kwa kawaida hujifunga kati ya miezi 12 na 24, ya nyuma inayojifunga katika miezi miwili au mitatu, na nne za ubavuni, na kila nafasi itaonyesha rangi za mifupa inayokutana hapo.

Kimebaki kikuku. Urefu wake ni takriban milimita 3 kwa mtu halisi, na hiki changu cha plastiki hakikuzidi sana. Miguu yake miwili ni njano, lakini wayo wake unaoziba dirisha la sikio la ndani una asili mbili kwa panya: katikati ni ukingo wa neva, na pembeni ni mesodermi iliyokizunguka kifuko cha sikio. Nimepunguza brashi hadi nywele tatu, nimekibana kikuku kwa kibano chini ya lenzi, na pete ya buluu imefika robo tatu ya mzunguko. Robo iliyobaki inasubiri hii ya kwanza ikauke, maana jana niliigusa ikiwa mbichi, ikachafua njano ya katikati.